Majina Hamsini na Saba Yaliyojirudia

Lipangalala, Ifakara
17 Januari 1999

Mpendwa Shangazi Paskalina,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Yoramu muuza samaki alipoleta perege wiki iliyopita alisema umesharudi shambani. Nikamwambia, mwambie Shangazi apumzike. Akacheka, akasema mwambie mwenyewe. Basi nakuambia mwenyewe: pumzika. Hapa kwetu tu wazima. Ritha anakusalimu sana, bado anashona sare za shule, na watoto wamefungua shule Jumatatu. Mvua imetugusa kidogo tu na tunashukuru, maana tangu mafuriko ya mwaka jana mtu akisikia radi anaanza kupandisha magunia darini.

Sasa habari yenyewe. Shangazi, nimemaliza! Madaftari yako yote kumi na manne, uliyonikabidhi baada ya mafuriko, tangu lile la 1958 ulipoanza ukunga hadi la 1996 ulipostaafu, yameingia kwenye kompyuta. Watoto elfu moja mia tatu na kumi na wawili. Jina la mtoto, jina la mama, tarehe. Tulifanya kazi hiyo kila Jumapili baada ya misa, Ritha ananisomea, mimi naandika. Kurasa nyingine tulizibandua kwa kisu jinsi zilivyogandana. Karatasi iliyokaa majini siku tisa si karatasi tena, ni uji.

Ila kazi bado. Mwezi wa kumi diski ya ndani ya kompyuta ilikufa, nikaandika upya majina mia mbili. Disketi nazo hapa kwetu zinashika ukungu, nimeshatupa tatu. Kwa hiyo nataka kuyaweka kwenye CD, vile visahani vinavyong'aa. Yule mtafiti aliyeniachia kompyuta aliporudi kwao aliniachia na kifaa cha kuandikia CD. Wenyewe wanaita kuchoma. Kifaa peke yake hakijui kitu, kinahitaji programu ya kukiongoza, na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu ninazo mbili.

Ya kwanza ilikuja kwenye boksi pamoja na kifaa. Hii inaandika mara moja, inaifunga diski, basi. Ukishafunga huongezi hata nukta, hufuti hata nukta. Lakini diski yake inasomeka kwenye kompyuta yoyote. Ya pili kaniletea Wendelin, rafiki yangu fundi redio wa hapa sokoni, kaipata Dar. Hii inaiacha diski wazi. Unaongeza, unafuta, unarekebisha, kama mtu mwenye daftari na penseli. Ubaya wake, diski hiyo haisomeki ila kwenye kompyuta yenye programu hiyohiyo. Wendelin anasema anayehangaika na ile ya boksi ni mshamba.

Majina ni yako. Chagua wewe: tufunge au tuache wazi?

Na la mwisho. Madaftari yenyewe yamejaa ukungu na wadudu, na kifua cha mtoto wetu mdogo kinabana. Niyarudishe, au niyafanyeje?

Mwanao,
Kelestini

*

Mofu
9 Februari 1999

Kelestini mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanikumbusha umri wangu kila asubuhi. Shambani nilikwenda na nitakwenda. Ukitaka nipumzike njoo ushike jembe wewe, uache hizo Jumapili za kukaa kitini. Hapa tuna mvua nzuri, mpunga umeshika. Mkwe wa jirani yangu Eufrasia ana mimba ya miezi saba, hataki zahanati, anasema anataka mikono yangu. Nimemwambia mikono hii imestaafu. Hasikii.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza sikuelewa kitu, ya pili nikaelewa, ya tatu nikacheka. Yaani mmekaa watu wazima, wewe na huyo Wendelin, mnagombania sahani!

Elfu moja mia tatu na kumi na wawili. Ndio hao. Nilikuwa najua idadi yao hata kabla hujaniambia. Nikipepeta mchele huwa nawahesabu.

Unaniuliza tufunge au tuache wazi. Mimi sijawahi kufunga daftari. Likiisha, nilishonea jingine nyuma yake. Mtu anafungaje kitabu na mkwe wa Eufrasia ana tumbo lile? Acha wazi. Lakini hilo la kufuta silipendi. Mimi nilipokosea nilipiga mstari mmoja tu, na chini ya mstari palisomeka. Muulize Wendelin kama programu yake inajua kupiga mstari.

Madaftari yafukie. Usiyatie moto, usiyatupe jalalani. Chimba kwenye migomba, mahali ambapo wanawake hufukia kondo la nyuma, uyaweke hapo vizuri. Lakini kabla hujashika jembe, ujiulize kwa dhati: umeandika kila kitu? Kila mstari? Kama ndiyo, fukia.

Nina imani na wewe. Msalimu Ritha, mwambie nimebakiza dawa ya kifua ya mtoto, nitampa Yoramu.

Shangazi yako,
Paskalina

*

Ifakara
28 Februari 1999

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Dawa imefika na mtoto anapumua vizuri, Ritha anakushukuru mpaka amekosa maneno. Mimi nina mafua tu, si ya kulaza mtu.

Kila mstari, Shangazi. Nilijiuliza na nikamuuliza Ritha. Tukafukia Jumapili iliyopita kwenye migomba nyuma ya choo cha zamani, mkungu mmoja ulikuwa unakaribia kuiva. Ritha alitaka tusali kidogo. Niliona ni kama mzaha lakini tukasali.

Programu nimechukua ya Wendelin, kama ulivyoamua. Nimenunua na ile diski inayofutika, majina yako humo sasa, na kila nikiifungua naweza kuongeza. Nilimuuliza habari ya kupiga mstari. Alicheka sana. Kompyuta haipigi mstari, Shangazi. Kilichofutwa kimefutwa, panabaki peupe, na ndiyo raha yake.

Kabla ya kufika hapo niliharibu diski nne. Mbili umeme ulikatika kati ya kazi. Ya tatu ni ujinga wangu, nilikaa nacheza karata kwenye kompyuta hiyohiyo wakati inachoma, ikachanganyikiwa. Ya nne haikuharibika hasa. Niliichoma kwa programu ya boksi kwa kujaribu, ikajifunga na majina yote ndani. Sasa kwa kuwa tumeamua kuacha wazi haina kazi, haiwezi kuongezwa kitu. Nakuletea zote nne kwa mkono wa Yoramu. Zitundike shambani kwa uzi, mpunga ukianza kuiva. Zinavyomulika jua, kweleakwelea watakimbilia Mahenge!

Kelestini wako

*

Ifakara
11 Aprili 1999

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Tulikusubiri. Yoramu alisema barabara ya kijiji cha Mbingu imekatika sehemu mbili na baiskeli aliibeba begani, kwa hiyo hatukulaumu. Ritha alipika kuku na fungu lako tukakuwekea hadi jioni, kisha watoto wakakusaidia. Mkwe wa Eufrasia amejifungua? Niambie jina nimuongeze.

Ninayo habari nzuri. Nimeisafisha orodha yako. Wendelin alinionyesha namna ya kuiambia kompyuta itafute mistari inayojirudia, yaani jina la mtoto lilelile na la mama lilelile. Ikanitolea hamsini na saba! Tarehe zinatofautiana miaka miwili mitatu, lakini naelewa, ulikuwa unaandika umechoka, pengine ukisahau kwamba ulishaandika, unaandika tena. Nimebakiza wa tarehe ya baadaye, wa mwanzo nimewafuta. Sasa wamebaki elfu moja mia mbili hamsini na watano, hesabu safi.

Na ucheke sasa: hata mimi nimo! Kelestini wa Scolastica, Mei 1959, na Kelestini wa Scolastica tena, Oktoba 1962. Shangazi, nilizaliwa mara mbili mikononi mwako? Mama, Mungu amrehemu, angekudai umrudishie kuku wa pili wa malipo. Cheti changu cha ubatizo kinasema 1962, kwa hiyo huyo wa 1959 nimemfuta.

Ndege wanaonaje visahani?

Kelestini

*

Ifakara
30 Mei 1999

Shangazi,

Shikamoo. Ni wiki ya saba bila barua yako. Mwanzoni nilisema ni mvua. Kisha Yoramu akaja mara mbili na samaki, mara ya pili na debe la mchele mpya kutoka kwako, mchele mzuri, unanukia nyumba nzima. Lakini barua hakuna.

Nikamuuliza Yoramu, Shangazi anaumwa? Akasema haumwi. Nikambana. Akasema siku alipokukabidhi barua yangu ya Aprili uliisoma umesimama, kisha ukaketi chini, palepale uani, kwenye tope. Akakuuliza kuna msiba Ifakara? Ukamwambia hapana, nenda zako.

Nimekukosea nini? Ni ule utani wa mama na kuku? Kama ni huo naomba radhi, nilikosa adabu. Watoto wanauliza kama utakuja likizo ya Juni. Niandikie japo mstari mmoja, hata wa kunigombeza.

Mwanao,
Kelestini

*

Mofu
20 Juni 1999

Kelestini,

Marahaba. Tumevuna. Magunia kumi na moja, si haba kwa goti moja zima. Mkwe wa Eufrasia alijifungua mwezi wa nne, mtoto wa kike, Klementina, mikono hii ilirudi kazini kwa lazima. Mama na mtoto wazima. Ndege hawakunisumbua sana mwaka huu.

Nimechelewa kwa sababu sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Sasa hasira imepungua, imebaki huzuni, na nikiwa na huzuni naweza kushika kalamu.

Hawakujirudia. Sikuwa nimechoka wala sikusahau. Hao ni watoto hamsini na saba.

Mtoto akifa mchanga, akina mama wa huku kwetu anayefuata wanampa jina lilelile. Na wa kwanza hatajwi mbele ya wa pili, ili wa pili aishi bila kumbeba mwenzake. Wewe hukuyajua haya. Wazazi wako walihamia kwenye majumba ya kiwanda cha sukari ungali mdogo, na huko kila mlango ni kabila lake, mama yako angemwambia nani? Sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa kutouliza. Ulimuuliza Wendelin, ukaiuliza kompyuta. Mimi nipo hai, barua inafika, hukuniuliza.

Wengi wao niliwabatiza mimi mwenyewe, kwa maji ya kikombe, haraka, kama masista walivyotufundisha mtoto akiwa hatarini. Wengine padri aliarifiwa akawaandika. Wengine mto ulikuwa umejaa, hakuna aliyekwenda, na baadaye nani ana moyo wa kwenda. Hawana cheti, hawana picha, makaburi yao yamelimwa zamani. Walikuwa na mstari mmoja kwenye daftari langu. Wewe umeufuta, halafu ukaniandikia kwa furaha kwamba umesafisha.

Nimejaribu kuwakumbuka. Kila siku nakaa na ungo, nataja mama mmojammoja, kijiji kwa kijiji, hadi Masagati kule nilikokaa mwaka mmoja. Nimefika arobaini na moja. Juzi walikuwa arobaini na wawili, mmoja kaniponyoka na sijui ni yupi. Nina miaka sitini na nane. Nikiondoka mimi, wameondoka wote.

Kama kuna namna ya kuwarudisha, warudishe.

Hilo ulilonitania, la kuzaliwa mara mbili, usiniulize.

Paskalina

*

Ifakara
4 Julai 1999

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kwa Klementina na kwa magunia kumi na moja. Watoto wako salama. Ritha ameisoma barua yako, akaniangalia, akatoka nje. Ndiye aliyekuwa akinisomea madaftari. Anasema pembeni mwa majina fulani palikuwa na vialama vidogo vya penseli, akaniuliza ni nini, nikamjibu Shangazi alikuwa anajumlisha, twende mbele. Ilikuwa misalaba, siyo?

Naona aibu, Shangazi. Sina namna nzuri zaidi ya kusema.

Nimekwenda kwa Wendelin. Hakucheka safari hii. Ile diski inayofutika tumeigeuza kila upande: peupe ni peupe. Ndani ya kompyuta nako niliiandika orodha safi juu ya ile ya zamani, na disketi zote zimeliwa na ukungu. Nimechimba kwenye migomba. Mvua za masika zimepita juu yake, nimekuta tope jeusi na pini za kushonea karatasi, basi.

Imebaki njia moja, na naogopa hata kuiandika. Ile diski ya nne niliyokuletea kwa ajili ya ndege, niliyoichoma kwa programu ya boksi mwezi wa pili, kabla sijasafisha chochote. Ilijifunga na wote elfu moja mia tatu na kumi na wawili. Hakuna mtu anayeweza kuifuta, hata mimi. Niliidharau kwa sababu hiyohiyo. Ina maandishi yangu kwa kalamu nyeusi: ORODHA YOTE, JARIBIO. Iko wapi? Imekaa juani miezi miwili? Imeanguka majini? Hata kama imechubuka nipe, usiifute kwa kanga, usiikwaruze, ifunge kwenye kitu laini.

Na sasa nitakukosea tena. Umesema nisiulize. Shangazi, nina miaka thelathini na sita, na nilimfuta kwa mkono wangu, nikacheka. Huyo wa Mei 1959 ni nani?

Kelestini

*

Mofu
25 Julai 1999

Kelestini mwanangu,

Marahaba. Tuna baridi asubuhi, goti linajua. Klementina ananenepa.

Diski unayoitafuta haikwenda shambani. Zile tatu nilizitundika. Hiyo yenye mwandiko wako niliibakiza, maana mimi situpi kitu chenye maandishi, unanijua. Niliitundika kwenye msumari ukutani karibu na mlango, na upande wake unaong'aa nimekuwa nikijitazama nikifunga kilemba. Tangu mwezi wa tatu wote walikuwa pale nami nimesimama mbele yao kila asubuhi nikijiangalia uso. Niliposoma barua yako niliiondoa palepale. Yoramu anakuletea ndani ya kitambaa cha altare kilichochakaa. Ina alama za vidole vyangu vyenye mafuta ya nazi, sikuthubutu kuifuta, kama ulivyosema.

Nilikuambia usiulize, ukauliza. Kichwa kigumu kama cha kaka yangu Salvatory, baba yako. Haya.

Huyo ni kaka yako. Alikuwa mtoto wa kwanza wa wifi yangu Scolastica, na mimi nilikuwa na miezi minane tu tangu masista wanikabidhi mkoba. Alizaliwa vizuri, alilia kabla hajatoka mabega. Baada ya siku kadhaa akakataa ziwa, taya zikakaza, mwili ukawa mgumu. Leo wanawachoma sindano kina mama, ugonjwa huo wa pepopunda hauonekani sana. Nilimmwagia maji nikamwita Kelestini kwa kuwa ndilo jina mama yako alilokuwa ametamka. Ulipokuja wewe akalitamka tena. Akaniambia, huyu asiambiwe, asibebeshwe. Nikamwahidi, na nimetunza ahadi hiyo hadi wewe ulipoanza kusafisha.

Na kuna jambo sijamwambia mtu, hata padri. Wembe nilikuwa nao mpya. Uzi wa kufungia kitovu ndio sikumbuki. Nilichemsha, au nilisahau kwa haraka? Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwa mtu wa nyumbani kwetu na nilikuwa na hofu. Nimejiuliza miaka arobaini. Ndiyo maana niliandika kila mtoto, kila mtoto, bila kuruka. Nilianza kuandika kwa sababu yake. Yale majina yaliyotangulia, ya 1958, niliyajaza baadaye.

Sasa umejua. Nisome vizuri, usinihurumie kwenye barua, sitaki.

Paskalina

*

Ifakara
15 Agosti 1999, sikukuu ya Kupalizwa

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Yoramu amefika salama na kitambaa kikiwa ndani ya shati lake, amekataa kukiweka kwenye kapu la samaki. Tumetoka misa sasa hivi. Ritha hajambo, watoto wanakusalimu.

Wanasomeka.

Mara ya kwanza kompyuta ilikataa, ikaniuliza kama nimeweka diski. Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Kisha Ritha akaichukua, akaiosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu kama anavyoosha chupa ya mtoto, akaikausha kwa kupepea. Tukaiweka kwenye kile kifaa cha kuchomea badala ya kile cha kawaida. Kikanguruma, kikanyamaza, kikanguruma. Halafu orodha ikafunguka, na chini kabisa imeandikwa 1,312. Nililia, Shangazi. Wendelin alikuwepo, akajifanya anaangalia waya.

Tukawatafuta wale hamsini na saba. Ritha alitaka tuwasome kwa sauti. Safari hii sikuona ni mzaha. Tulisoma mmojammoja, yeye jina la mama, mimi jina la mtoto. Nilipofika kwangu nikasoma: Kelestini wa Scolastica, 14 Mei 1959. Nikashindwa kwenda mbele, Ritha akanimalizia wengine. Nimekunakilia wote kwa mkono, karatasi mbili, zimo humu. Utamkuta yule wa arobaini na mbili aliyekuponyoka.

Kuhusu programu, nimebadili uamuzi wako na wangu. Ya Wendelin nitaibakiza kwa ajili ya diski ya pili, nitakayoiacha wazi. Humo ameshaingia Klementina, na watakaomfuata. Lakini madaftari yako kumi na manne nayachoma kwa ile ya boksi. Kama ulivyoandika wewe, bila kusafishwa. Wale hamsini na saba nimewawekea msalaba pembeni, mahali pake. Nitatoa nakala tatu: yako, yangu, na moja nitaomba parokia waitunze.

Umesema nisikuhurumie. Sikuhurumii. Habari ya uzi sina jibu, na nadhani hata mama hakuwa nalo. Nakuuliza tu swali moja, na wewe ulifikirie: mwaka 1962, alipokuwa na mimi tumboni, baada ya yote hayo, mama alimwita nani aje amzalishe?

Sasa nina ombi. Ile programu ya boksi, kabla ya kufunga, inauliza: una uhakika? Baada ya hapa hutaweza kuongeza kitu. Nilifika hapo, nikaondoa kidole, nikazima kompyuta. Karibu na jina la kaka yangu nataka niandike alikaa siku ngapi. Sitafunga mpaka uniambie.

Mwanao,
Kelestini

*

Mofu
29 Agosti 1999

Kelestini mwanangu,

Marahaba, na wote hapo. Karatasi mbili nimezipokea. Aliyeniponyoka ni Evaristo wa Masagati. Nilikaa naye mchana kutwa.

Swali lako nimelifikiria tangu Yoramu aliponiletea barua. Mwaka 1962 tulikuwa wakunga wawili hapa. Mwenzangu alikuwa mtu mzima, mwenye sifa, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya uwanja kutoka kwa baba yako. Mimi nilikuwa nakaa mbali, upande wa mtoni, na mvua ilikuwa inanyesha. Mama yako alimwacha yule akatuma mtu kuja kwangu. Nilipoingia alinishika mkono, akasema, "Wifi, umekuja," basi, akarudi kwenye uchungu wake. Miaka yote hii nilikumbuka mvua na nilikumbuka hofu yangu. Hilo la nyumba ya ng'ambo ya uwanja sikuwahi kulikumbuka mpaka uliponiuliza.

Ukutani pamebaki msumari. Nakala yangu uilete mwenyewe, usimpe Yoramu, na uje na Ritha na watoto.

Alikaa siku kumi na tisa. Alikuwa na nywele nyingi, kukushinda wewe.

Andika hivyo. Halafu funga.

Shangazi yako,
Paskalina